Kunakili DNA kwa Kamba ya Katani

Jumatatu, 6 Mei

Leo nimefundisha biolojia kidato cha nne, dakika themanini bila kukohoa, na darasa zima likanipigia makofi.

Haya. Sikufundisha. Daftari ni langu na ningeweza kuliacha hivyo hivyo, lakini nafsi imenisuta. Aliyefundisha ni binti yangu. Mimi nilikuwa nje, nimekaa chini ya dirisha la maabara, nimempelekea miwani aliyoisahau juu ya friji. Makofi yalikuwa ya kuua mbu. Lakini somo nilisikia lote! Tena nimelielewa kuliko yule mwanafunzi wa dirishani aliyekuwa akikoroma.

Somo lenyewe ni DNA. Na DNA ni kamba! Miaka arobaini na miwili nimesokota kamba za katani, nimefunga maturubai ya malori na ndoo za visima, na hakuna hata mtu mmoja aliyenidokeza kwamba mwilini mwangu mmejaa kamba za nyuzi mbili. Ningejua mapema ningetembea nimetoa kifua.

Binti anasema seli ikitaka kugawanyika, kamba hiyo lazima inakiliwe kwanza, yote, herufi kwa herufi. Kazi hiyo haifanywi na mmoja. Kuna kundi zima la vimeng'enya na protini, kila mmoja na lake, kama karakana yenye nidhamu. Majina yao yanavunja meno, na meno yangu ni machache. Nimewabatiza upya. Helikesi nimemwita Mfumuaji, maana hutangulia akizitenganisha zile nyuzi mbili. Nyuzi zikishatengana zinataka kurudiana, kwa hiyo kuna protini zinazozishikilia zisirudiane. Hao nimewaita Mashangazi. Dada yangu aliifanya kazi hiyo kwenye ndoa yangu ya kwanza, wala hakuna aliyemwita protini.

Halafu yuko polimerezi, Mjenzi. Huyu hufuata kila uzi wa zamani na kujenga mpya mbele yake. Fundi mkubwa, lakini ana madeko. Hawezi kuanza mwenyewe mpaka praimezi, yaani Mwanzilishi, amwekee kipande cha kuanzia. Nawajua mafundi wa hivyo. Tena hujenga kwa kuelekea upande mmoja tu, kinyume chake hajui. Na akiweka herufi isiyo yake, hurudi hatua moja, huing'oa, huweka ya kweli. Hapo nilicheka peke yangu dirishani. Fundi gani anarudi nyuma? Mimi nikikosea kamba, naibadilisha jina.

Sasa jambo zito. Alhamisi anakuja mkaguzi kumtazama binti yangu akifundisha somo hili hili kwa vitendo. Mara ya kwanza alipokaguliwa alitetemeka mpaka chaki ikavunjika mara tatu. Akishindwa tena, atahamishiwa shule ya mbali, safari ya siku mbili kwa basi. Nyumba hii ni ya mwalimu. Akienda yeye, nyumba inakwenda, na mimi na gurudumu langu la kusokotea tunakwenda kwa dada yangu. Dada yangu huamka saa kumi na moja alfajiri kuimba. Kwa hiyo lazima binti ashinde. Nampenda sana.

Nikamwambia nitamtengenezea kamba ya kuonyeshea. Akanishukuru, akasema amekwishapata mfano. Kutoka kwa nani? Kutoka kwa Bwana Gundi!

Bwana Gundi ni jirani yetu, fundi wa kujalidi vitabu vya shule, mjane mwenye suruali zilizopigwa pasi. Kajenga DNA ya kadibodi ndefu kama mlango, rangi nne, gundi kila mahali. Kaileta mwenyewe jioni, kaisimamisha sebuleni, kaniuliza kama nimewahi kuona kitu kizuri namna hiyo. Nikamjibu kwamba nimewahi kuona, ila lile lilikuwa jeneza.

DNA ya kadibodi! Haijisokoti, haifumuki, haina hata harufu ya kamba. Aibu kwa seli zote.

Jumanne, 7 Mei

Nimejitolea kuubeba ule mfano kuupeleka shuleni. Moyo safi kabisa. Karibu safi.

Mlango wetu ni mwembamba na DNA ya Bwana Gundi ni pana. Mtu mwenye akili angeupitisha kiubavu. Mimi niliona ni busara kuukunja. Kadibodi haikutaka. Nikaushawishi kwa goti. Ukatoa mlio. Nikaushawishi tena kwa kisigino, ili mkunjo ukae vizuri. Hapo gundi yote ya Bwana Gundi ikaachia kwa pamoja, na zile herufi za rangi nne zikamwagika kizingitini kama karanga.

Nilisimama nikiangalia. Nusu yangu ilicheka. Nusu nyingine ilimwona binti yangu anakuja na chupa yake ya chai.

Sikutegemea alichofanya. Hakupiga kelele. Akachuchumaa, akaokota vipande viwili, akajaribu kuviunganisha, vikakataa. Akakaa chini pale pale kizingitini. Akasema kwa sauti ndogo kwamba zimebaki siku mbili, na kwamba usiku anaota chaki inavunjika.

Nimekula chumvi nyingi, nimezika watu, lakini sauti ile sikuiweza. Nikamwambia mlango ndio uliosababisha. Nikaulaumu mlango kwa nguvu, nikaupiga teke.

Bwana Gundi akaja mbio. Akatazama. Akanitazama. Akatazama tena kadibodi. Akauliza kwa upole kwamba hivi mlango huu huwa unavaa viatu vya matairi namba tisa? Nikajifanya sisikii sikio la kushoto. Akauliza upande wa kulia. Nikawa sisikii huko pia.

Ikabidi binti aniombe kamba. Ushindi! Lakini aliniomba bila kunitazama usoni, na ushindi wa namna hiyo hauna ladha.

Masharti yake akayaandika kwenye karatasi, maana hanitegemei. Nyuzi mbili, nene kama kidole gumba, mita kumi. Kila uzi uwe na kitambaa chekundu mwisho mmoja na cha buluu mwisho wa pili, maana Mjenzi hutembea kutoka nyekundu kwenda buluu, kinyume chake hawezi hata umpige. Vibanio vya nguo vya rangi nne juu ya nyuzi, ndiyo herufi: njano hukaa mbele ya kijani, nyeupe mbele ya nyeusi. Na chini kabisa, amepiga mstari mara mbili: nyuzi zielekee kinyume. Nyekundu ya huu ikae kwenye buluu ya ule.

Akaongeza kwamba siku yenyewe kazi yangu ni kukaa nyuma karibu na dirisha, kulinda mwisho wa kamba, na mdomo nifunge kwa kufuli. Nikamwapia. Bwana Gundi naye, kwa vile kazi yake imeharibiwa na mlango, atakuwa ligezi, Muungaji. Atasimama mbele ya darasa na brashi yake. Mbele! Mimi nyuma na dirisha, yeye mbele na brashi.

Jumatano, 8 Mei

Nimeamka mapema, nimechambua katani, nimelipaka gurudumu mafuta. Kazi imekwenda kama maji. Mikono yangu bado ina akili hata kama kichwa kina mapengo.

Halafu nikafika kwenye ule mstari uliopigwa mara mbili. Nyuzi zielekee kinyume.

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Binti yangu kasoma miaka kumi na saba, lakini kamba hajasokota hata moja. Katani ina shina na ncha. Manyoya yake yanalala kuelekea nchani. Ukisokota shina na shina, mkono unateleza vizuri kama juu ya paka. Ukisokota shina na ncha, uzi mmoja unateleza na mwingine unachoma, na mteja anarudi kesho yake na viganja vyekundu na maneno. Huo ndio mwiko wa kwanza katika kazi hii. Aliyenifundisha kusokota alinizaba kofi kwa kosa hilo nikiwa na miaka tisa, na sikio bado linakumbuka.

Nikafungua kitabu chake niangalie mchoro. Kweli, wamechora nyuzi zinatazama kinyume. Nikatazama jina la mchoraji. Hamna. Si ajabu! Mtu aliyechora upuuzi namna hiyo lazima ajifiche.

Nimwache binti yangu aaibike mbele ya mkaguzi kwa kosa la mchoraji? Mimi baba yake mzazi? Hapana. Nikasokota inavyotakiwa. Shina na shina, nyekundu mbili upande mmoja, buluu mbili upande wa pili. Nikaficha vitambaa ndani ya mkunjo, ili binti asije akaanza maswali. Atanishukuru baadaye.

Kamba imetoka nzuri ajabu. Nimeizungushia begani nikajitazama kwenye kioo cha kabati. Nilifanana na mtu mwenye cheo.

Jioni binti aliipapasa akatabasamu, mara ya kwanza tangu jana. Akasema ni laini. Nikamwambia hiyo ni siri ya kazi. Akaniuliza kama nimefuata karatasi. Nikamjibu kwamba nimefanya vizuri kuliko karatasi. Alikuwa amechoka, hakulipima jibu.

Alhamisi, 9 Mei

Siku ya leo lazima niiandike yote, hata zile sehemu ambazo sikung'aa.

Mkaguzi ni mwanamke mfupi, viatu vya kimya, miwani inayoning'inia kwa mnyororo. Alikaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mimi. Nikamwambia shikamoo ingawa ni mdogo kwangu, ili kuvuta bahati njema. Akashangaa, akaitikia marahaba, halafu akagundua, akaona haya. Nikajua tumeanza vizuri.

Binti akaingia. Akaandika tarehe ubaoni, nami nikaikodolea ile chaki. Chaki haikuvunjika. Akaeleza, akagawa kazi. Mfumuaji alikuwa msichana mwenye mabega ya mpiga mbizi, nahodha wa mpira wa pete. Mashangazi wanne. Mwanzilishi mmoja mwenye vipande vya karatasi ya waridi. Wajenzi wawili wenye ndoo za vibanio na mikanda ya karatasi nyeupe, ndiyo nyuzi mpya. Bwana Gundi mbele na brashi yake, suruali inakata hewa, anatabasamu kama bwana harusi.

Mimi nilikuwa nimefunga mwisho wa kamba kwenye nondo ya dirisha. Fundo langu halifunguki hata kwa trekta.

Mfumuaji akaanza. Akavuta nyuzi huku na huku, zikaachana vizuri, Mashangazi wakazishika. Hatua moja, mbili, tatu. Hatua ya nne akakwama. Mbele yake kamba ilikuwa inajikaza. Ikajipinda, ikajikunja, ikatoa nundu moja, nundu mbili, ikawa kama nyoka aliyekanyagwa mkia. Msichana akavuta kwa nguvu zake zote za mpira wa pete. Nundu zikaongezeka. Binti yangu akatazama kamba, akatazama saa. Mkaguzi akaandika kitu. Nikachungulia. Aliandika: kifaa kimekwama.

Nilikuwa nimeapa. Kufuli mdomoni. Lakini hilo tatizo nalijua toka utotoni! Ukifumua kamba upande mmoja na upande wa pili umefungwa, msokoto hauna pa kukimbilia, unajilundika mbele. Hata wewe ungekwama.

Nikainuka. Nikachomoa kisu cha kazi. Mkaguzi akashika mkoba wake. Nikakata uzi mmoja, mmoja tu, palepale mbele ya nundu. Kamba ikazunguka fyuuu kuuzunguka uzi uliobaki, nundu zikayeyuka zote, ikalala imetulia kama mtoto aliyeshiba. Kisha nikaushika uzi niliokata, nikauunga tena kwa mkono, kiungo ambacho hata mimi mwenyewe baada ya dakika tano sikukiona. Nikakaa. Nikasema samahani, mdomo umeponyoka kidogo. Kweli sikuwa nimesema neno. Ilikuwa mikono.

Mkaguzi akavua miwani. Akaliuliza darasa, ni nani huyo mzee? Wakasema ni Babu Kamba. Akasema hapana, anauliza, katika somo hili, mzee huyo ni nani? Halafu yule yule mwanafunzi wa dirishani, yule mkoromaji wa Jumatatu, akainua kichwa, akasema bila hata kuulizwa mara ya pili: topoisomerezi. Hukata, huachia msokoto, huunga tena. Bila yeye Mfumuaji hafiki popote.

Makofi! Na safari hii hapakuwa na mbu hata mmoja.

Mkaguzi akataka kuandika, kalamu yake ikaishiwa wino katikati ya neno. Nikampa yangu. Akafuta "kifaa kimekwama", akaandika mistari mitatu. Nilichungulia tena lakini alifunika kwa kiganja. Kumbe naye mjanja.

Hapo ningeweza kufa nikiwa na furaha. Bahati mbaya nilikuwa hai.

Wajenzi wakaanza. Mmoja kwenye uzi huu, mwingine kwenye uzi ule. Njano kwa kijani, nyeupe kwa nyeusi. Wote wawili wakaanzia nyekundu, wote wawili wakamfuata Mfumuaji bega kwa bega, moja kwa moja, kama watu wanaokwenda kuchota maji. Wakafika dirishani pamoja. Mikanda miwili mirefu, mizima, hakuna kiungo. Nikajisemea moyoni: tazama kazi ya shina na shina! Hata DNA inafurahi!

Ila Bwana Gundi alikuwa bado kasimama mbele na brashi juu. Tabasamu lilianza kukauka pamoja na gundi. Alimsubiri mtu amletee vipande. Hakuna aliyekuja. Akapiga hatua moja kulia, akarudi kushoto. Darasa likaanza kucheka. Nami nikacheka, nakiri.

Mkaguzi akauliza kwa nini ligezi hana kazi.

Binti akaitazama kamba. Akaifuata kwa macho taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho. Akaziona nyekundu mbili pamoja. Akaniinulia macho. Niliwahi kutazamwa hivyo mara moja tu, na marehemu mama yake, siku nilipouza kitanda tukiwa bado tunakitumia.

Nikajua kila kitu papo hapo. Angeweza kusema ni baba yangu. Angeweza kulia. Niliiona barua ya uhamisho, nikaliona basi, nikamsikia dada yangu anaimba.

Binti akaweka chaki chini. Akawageukia wanafunzi akawaambia kwamba kamba hii ina kosa, kosa kubwa, na yeye mwenyewe hakulikagua kabla ya kuingia nalo darasani, kwa hiyo ni lake. Zimebaki dakika ishirini. Nani ataliona? Sauti haikutetemeka hata kidogo.

Wakainama wote juu ya kamba. Meza zikasogezwa. Mmoja akasema vibanio. Hapana. Mmoja akasema Mwanzilishi kasahau karatasi. Hapana. Yule nahodha wa mpira wa pete akapiga paja: mwalimu, nyekundu ziko pamoja! Nyuzi zinaelekea upande mmoja, ndiyo maana Wajenzi wote wamekwenda moja kwa moja!

Basi akawaambia wasahihishe. Wakageuza uzi mmoja, wakanikabidhi niusokote upya. Nikausokota, shina na ncha, mbele ya watu, huku sikio langu la miaka tisa likiwaka moto. Ulichoma viganja.

Mara ya pili ndipo nikaelewa. Mjenzi wa kwanza alikwenda vizuri nyuma ya Mfumuaji. Wa pili maskini hakuweza, maana nyekundu yake iko kule mbele ambako hakujafumuliwa. Ikambidi asubiri nafasi ifunguke, Mwanzilishi amwekee karatasi ya waridi, ajenge kipande kifupi huku kampa mgongo Mfumuaji, akifika mwisho aruke arudi, aanze kingine. Kipande, ruka. Kipande, ruka. Jasho lilimtoka. Mara moja aliweka njano mbele ya nyeupe, akarudi hatua, akaing'oa, akaweka ya kweli, na hakuna aliyemcheka.

Na vipande vyote hivyo vilikwenda wapi? Kwa Bwana Gundi! Vikiondolewa karatasi ya waridi na pengo likizibwa, yeye anapiga brashi, anabana, anapiga brashi. Aling'aa yule mtu. Alipaka gundi mpaka kwenye tai yake. Vipande tisa vikawa mkanda mmoja, na darasa likahesabu kila kiungo kwa sauti.

Mkaguzi alipotoka alimuuliza binti kama lile kosa lilipangwa. Nikamkonyeza binti, sema ndiyo! Sema ndiyo, mama! Akasema hapana, halikupangwa.

Nikamtazama. Amesimama wima, ana kidevu cha mama yake, unga wa chaki kwenye nyusi. Nikafuta macho, nikakohoa sana ili watu wadhani ni katani.

Ijumaa, 10 Mei

Binti ameniletea chai, akaniweka kitini kama mtuhumiwa. Kaniuliza kwanza kuhusu kamba. Nikamweleza kuhusu manyoya, shina, ncha, viganja vya wateja. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, baba, hiyo ni katani. Hii ni DNA. Nikamjibu kwamba kamba ni kamba. Akashika paji la uso.

Halafu kaniuliza kuhusu mlango. Kumbe juu ya kipande kimoja cha kadibodi kuna alama ya kiatu changu, imetoka vizuri kama muhuri wa ofisi. Bwana Gundi kakitunza. Nikasema nitamwomba radhi.

Nikaenda. Niliomba. Nilisema, jirani, samahani kwa ajili ya mlango. Akatazama viatu vyangu. Akasema sawa, mlango ameusamehe. Akanionyesha ile tai yenye gundi. Kaitundika ukutani. Sasa anawaambia wateja kwamba bila ligezi hakuna binadamu angezaliwa. Hana aibu! Kazi ya kupaka brashi tu.

Majibu ya mkaguzi bado. Binti hali vizuri. Mimi nakula kwa niaba yake.

Jumatatu, 13 Mei

Barua imekuja saa nne. Binti aliifungua akiwa amesimama jikoni. Alisoma, akasoma tena, akakaa juu ya ndoo. Kashinda! Anabaki. Mkaguzi kaandika kwamba hajaona mwalimu anayelikabili kosa mbele ya darasa kwa utulivu namna ile na kuligeuza kuwa somo. Binti alilia, akanikumbatia, nami nikamkumbatia, na ile ndoo ikaanguka.

Nimekwenda mtaa mzima kuwaeleza. Bila kosa langu kungekuwa na somo gani? Hakuna! Mwalimu mzuri yeyote angefundisha somo lisilo na kosa. Niliiona hali toka Jumatano nikaipanga yote. Jumatano jioni hasa. Bwana Gundi aliniuliza kama na kisigino nilikipanga. Nikamwambia ndiyo, hicho ndicho kilichoanzisha yote. Mimi ndiye Mwanzilishi.

Binti kasema muhula ujao atafundisha moyo na mishipa ya damu. Nimekwishaona pampu ya maji ya zamani nyuma ya gereji. Nimeangalia mchoro wa moyo kitabuni. Wamechora vyumba vinne. Viwili vinatosha kabisa.

Nimeazima penseli ya jikoni ile ya kuandikia orodha ya sabuni, nimeandika rasimu ya barua. Nitainakili vizuri kesho.

"Kwa Mama Mkaguzi mheshimiwa. Shikamoo tena. Ni mimi mzee wa kisu. Pokea shukrani za baba. Pamoja na hayo naona ni wajibu wangu kukujulisha kwamba mchoro wa DNA vitabuni una kosa la kiufundi upande wa mashina, na niko tayari kuja ofisini kwenu siku yoyote na gurudumu langu kuwaonyesha inavyotakiwa. Bwana Gundi hahitajiki. Mwisho, mama, siku ile wino ulipokuishia nilikupa kalamu yangu, nawe ukaondoka nayo kwenye mkoba. Ni ya buluu, kifuniko kimetafunwa na mimi mwenyewe. Sisemi uliikusudia. Nakuomba tu uniletee, au umpe dereva wa gari lenu, maana nina mengi ya kuandika na penseli hii inaisha."